Helikopta Ilitoka Wapi?

Petroli iliisha steringi akiwa amening'inia juu ya korongo, mkono mmoja kwenye kamba, wa pili umemshika binti wa watu. Picha ikajikunja ikawa mstari, mstari ukawa nukta nyeupe katikati ya kioo, nukta ikafa. Nje jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ndani ya banda la video tulikuwa watu kama hamsini juu ya mabenchi ya magogo, na kwa kitambo hakuna aliyesema neno. Kisha sauti ya mtu mzima ikatoka gizani, nyuma kabisa: "Jamani, steringi hafi. Twendeni tukalale."

Njia ya kurudi nyumbani ilipita katikati ya migomba. Mkubwa mmoja alitangulia na kurunzi, sisi watoto tukafuata, na kabla hatujavuka kijito mwisho wa muvi ulikuwa umeshatungwa. Mmoja alisema kamba itakatika ila chini kuna maji. Mwingine akasema maji hayo yana mamba, na atakayeliwa ni adui. Kaka yangu, aliyekuwa mkali wa hesabu, alikataa yote mawili. Mkono mmoja, alisema, hauwezi kubeba watu wawili muda wote ule, kwa hiyo ama binti aachiwe ama wafe wote, na muvi iishe kwa kilio. Tulimzomea mpaka mlangoni kwetu. Mpaka leo naona mwisho wake ndio uliokuwa bora.

Wiki iliyofuata mwenye banda alileta petroli ya kutosha, tukauona mwisho wenyewe. Helikopta ilitokea nyuma ya mlima, haikuwa imetajwa wala kusikika tangu mwanzo, ikashusha ngazi, steringi na binti wakapanda, majina yakaanza kupita. Banda zima liliangua kicheko. Waliotengeneza muvi ile walikusudia tushangilie. Sisi tulicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kwenye benchi, na mzee mmoja akasimama, akamuuliza mwenye banda kama vile ndiye aliyeitunga: "Helikopta ilitoka wapi?" Swali hilo likageuka msemo. Kwa miaka kadhaa pale kijijini, mtu akitoa kisingizio kisicho na kichwa wala miguu, aliambiwa hiyo ni helikopta.

Naandika historia ya kicheko kile, kwa sababu sijaiona ikiandikwa, na kwa sababu watu wa vilima vyetu wamechukuliwa kwa muda mrefu mno kuwa watazamaji wanaomeza lolote wanalowekewa mbele ya macho.

Kwetu ni Ntobeye, kata ya Ngara, mkoani Kagera, katika wilaya inayopakana na Burundi na Rwanda, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Ni nchi ya vilima, ya kahawa, ndizi na maharage. Umeme ulichelewa kutufikia, na kwa miaka mingi hata miji ya Ngara na Biharamulo iliwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli. Leo maporomoko ya Rusumo, hapohapo Ngara, yana mtambo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Wakati wa banda letu maji yale yalipita bure.

Dharau ya mtazamaji ilianza kabla hata ya kuwapo kwa mabanda. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio la sinema kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, milimani kule Tanga. Lori lilizunguka Tanganyika na nchi jirani likiwa na projekta, turubai la kuonyeshea picha na sahani za santuri zenye maelezo kwa lugha za wenyeji. Filamu zilifundisha kuweka akiba posta, kujikinga na malaria ya watoto, kupambana na safura. Miaka michache baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni. Mmoja wa wakuu wake, William Sellers, alieneza nadharia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Kwa hiyo atengenezewe hadithi nyepesi, picha zikae muda mrefu, pasiwepo ujanja wowote wa kamera.

Nadharia hiyo haikuwa na ukweli. Mtu aliyekulia kwenye hadithi za jioni amezoea sungura anayekuwa mahali pawili kwa wakati mmoja na zimwi lililotapika kijiji kizima. Ujanja wa kamera haukuwa kitu kigeni kwake. Alichokuwa anakidai ni sababu. Msimulizi aliyemtoa sungura shimoni alitakiwa aseme alitokaje, na asiposema, watoto walimkatiza palepale. Maofisa walipoona watu wanacheka mahali pasipo pa kuchekea, waliandika kwamba hawakuelewa. Mimi nadhani mara nyingi walikuwa wameelewa vizuri sana.

Katika historia hiyo ya sinema za wakoloni kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili, na mwigizaji mkuu wa ile iliyoitwa Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kabla ya kusimama bungeni alisimama mbele ya kamera akiigiza mshamba aliyepotelea mjini.

Televisheni yenyewe ilikawia. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Bara tulisubiri hadi 1994, vituo binafsi vya kwanza vilipofunguliwa, ITV kikiwamo. Mwaka huo una uzito wake Ngara. Mwisho wa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji yote ya mkoa. Kamera za dunia nzima zikaja. Vilima vyetu, barabara zetu na vumbi letu vilionekana kwenye sebule za London na New York wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumewahi kukaa mbele ya televisheni. Mwaka uliofuata tulipata Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi. Televisheni ilikuja polepole, mgongoni mwa deki ya video na jenereta.

Kwa sababu hiyo kuna mambo makubwa ya televisheni ya dunia yaliyotupita bila sisi kujua. Kubwa kuliko yote, kwa upande wa miisho ya ovyo, lilikuwa la Dallas. Tamthilia hiyo ya Marekani, ya familia ya matajiri wa mafuta ya Texas, ilionyeshwa katika nchi zipatazo 90. Novemba 1980 Wamarekani wapatao milioni 83 walikaa usiku mmoja kujua ni nani aliyempiga risasi J.R. Ewing. Miaka mitano baadaye mwigizaji Patrick Duffy, aliyekuwa Bobby, mdogo wake J.R., alitaka kuondoka. Waandishi wakamuua, akagongwa na gari, akaliliwa, akazikwa. Umaarufu ukaanza kushuka, Duffy akaombwa arudi. Sasa maiti inarudije? Mei 1986 Pam, aliyekuwa mkewe zamani, aliamka asubuhi, akasikia maji bafuni, akafungua mlango, akamkuta Bobby anaoga na kumsalimia kama kawaida. Msimu mzima uliotangulia, episodi 31 zenye ndoa, vifo na machozi, ulikuwa ndoto ya Pam.

Wamarekani walikasirika, wakacheka, na bado wanacheka. Lakini mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mwisho huo kuliko wao. Ni mwisho wa insha! Umeandika jinsi simba alivyokukimbiza, umefika ukingo wa mto, daftari linaelekea kuisha na kengele inakaribia kugongwa, na hujui utajiokoaje. Unaandika: "Ghafla nikashtuka, kumbe ilikuwa ndoto." Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kalamu nyekundu maalumu kwa sentensi hiyo. Aliizungushia duara na kuandika pembeni: "Simba yuko wapi?" Alitukata alama tano kila mara. Watunzi wa Dallas, waliolipwa mamilioni ya dola, wangefeli darasani kwake.

Kosa hilo halikuishia hapo. Sunset Beach, tamthilia nyingine ya Marekani, iliagwa tarehe 31 Desemba 1999 kwa kumwamsha msichana Meg kwao Kansas kana kwamba miaka yote mitatu ilikuwa ndoto, kisha akaamka mara ya pili kutoka kwenye ndoto ya kwamba ameota.

Kwa nini watu wenye akili na fedha hufikia mahali hapo? Ukichunguza utaona mara nyingi hadithi imekatwa na kitu kilicho nje yake. Mwigizaji ameondoka. Fedha zimekwisha. Kituo kimetoa tangazo kwamba mchezo unafungwa na watunzi wana wiki chache za kuwaoza, kuwaua na kuwasamehe watu waliowalea kwa miaka. Isidingo ya Afrika Kusini, ambayo Watanzania tuliifuata ITV mpaka majina ya wahusika wake yakawa majina ya utani mitaani, ilianza Julai 1998 na kufungwa tarehe 12 Machi 2020, baada ya shirika la utangazaji la huko, SABC, kusema watazamaji na mapato ya matangazo yamepungua. Mchezo wa zaidi ya miaka 21 hauna namna nzuri ya kuisha kwa taarifa ya miezi minne. Ni petroli iliyoisha, ila hapa mwenye banda ndiye anayeifunga jenereta.

Sisi tulikuwa na dawa ya jambo hilo, nayo ilikuwa mtu. Aliitwa mkalimani, baadaye watu wakasema DJ. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa la Kapteni mstaafu Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kama Lufufu. Mikanda yake ilifika mpaka kwetu. Muvi ya Kihongkong au ya Kimarekani inapita, na juu yake sauti moja ya mwanamume inasema maneno ya wote: steringi, adui, mama, mtoto, hata mbwa. Lakini hakutafsiri tu. Alieleza kwa nini mtu amekasirika, alimpa jambazi kabila na mtaa, alimwonya steringi kuna mtu nyuma ya mlango. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliandika juu ya wasimulizi hawa mwaka 2010 na kuipa makala yake kichwa kinachoifananisha kazi yao na kugeuza wali kuwa pilau. Hakuna mfano mzuri zaidi. Kenya yuko DJ Afro, Uganda wako kina VJ Jingo, na kila mmoja ana mapishi yake.

Ngara tulikuwa na bahati ambayo Dar hawakuwa nayo. Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni lugha za nyumba moja, na ng'ambo ya Rusumo walikuwa na wasimulizi wao wa filamu wanazoziita agasobanuye, yaani zilizofafanuliwa. Mashuhuri kati yao alikuwa Nkusi Thomas, aliyeitwa Yanga, aliyefariki Februari 2022. Mikanda ya kule ilivuka mpaka pamoja na sabuni na vitenge. Muvi moja tuliweza kuiona kwa Lufufu Jumamosi na kwa Kinyarwanda Jumapili, na zilikuwa muvi mbili tofauti. Tulijifunza mapema sana kwamba picha ni ileile lakini hadithi ni ya anayeisimulia.

Msimulizi hodari alijulikana mwishoni. Banda letu lilipata kijana wa kwetu aliyekuwa akisimulia kwa mdomo, bila kipaza sauti, muvi ambazo hazikutafsiriwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Mwisho ukiwa mzuri alinyamaza, akauacha. Mwisho ukiwa wa ovyo, alianza kuushona dakika ishirini kabla. Akijua, kwa mfano, kwamba mbele kuna helikopta, mapema alipomwona steringi yuko kwenye simu akizungumza mambo ya mapenzi, alisema: "Hapa anampigia rafiki yake rubani, anamwambia, ndugu yangu, kesho usiende mbali." Helikopta ikija, watu walipiga makofi. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na ninasema bila kusita kwamba alikuwa mtunzi bora kuliko waliolipwa kutunga.

Kazi ya watu hawa inapotea. Ilirekodiwa juu ya mikanda ya kunakili isiyokuwa na ruhusa ya wenye muvi, kwa hiyo hakuna maktaba iliyojishughulisha kuihifadhi. Mikanda imeliwa na ukungu, sidii zimechubuka. Sauti ambazo kizazi kizima cha Watanzania kilijifunzia kusikiliza hadithi ya picha zinafutika bila mtu kuziita urithi, na hilo linanisikitisha.

Kisha tamthilia zikaanza kuja na Kiswahili chake tayari. Mwaka 2011 TBC ilirusha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya kwanza ya Kichina kuingizwa sauti za Kiswahili. Ilitajwa hata na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Watu waliipenda kwa sababu ugomvi wa mkwe na mkamwana hauhitaji mkalimani. Baadaye Azam TV ikaleta Sultan, na hapo sebule za wilaya nzima zikajaa.

Sultan ni tamthilia ya Kituruki ya enzi za Suleiman, iliyoonyeshwa kwao kuanzia Januari 2011 hadi Juni 2014, episodi 139. Moyo wake ni Hurrem, mtumwa aliyepanda hadi kuwa mke wa mfalme. Mwaka 2013 Meryem Uzerli, aliyemwigiza, aliacha kazi kwa sababu ya uchovu. Watunzi wakamleta Vahide Perçin, mwigizaji hodari, mtu mzima zaidi, mwenye sura nyingine kabisa. Suleiman akabaki Halit Ergenç yuleyule.

Sebuleni kwa mama tulikuwa tumekaa watu kumi na wanne, wengine wamesimama mlangoni. Hurrem mpya alipogeuka na kuonyesha uso, wote walitazama kioo, kisha wakatazamana. Mama aliuliza huyu mgeni ni nani. Mtu akamjibu, "Ndiye Hurrem, mama." Akaomba tumwache afikiri. Baadaye akasema, taratibu, kwamba mume ambaye hakushtuka kuona mke amebadilika sura hampendi huyo mke, na mapenzi yote tuliyoonyeshwa tangu mwanzo yalikuwa ya uongo. Watu walicheka sana, lakini yeye hakucheka. Tangu siku hiyo aliifuata tamthilia kwa namna nyingine, akimtazama Suleiman kama mtu mwenye siri. Nimesoma uhakiki mwingi wa Sultan na sijakutana na unaoukaribia ule.

Ilipokwisha niliwaeleza yale yaliyo katika vitabu. Suleiman wa kweli alikufa mwaka 1566 vitani, kule Szigetvár, Hungaria, na waziri wake mkuu Sokollu Mehmed Pasha akakificha kifo kwa siku zipatazo 48, amri zikiendelea kutolewa kwa jina la marehemu ili jeshi lisitawanyike. Hakuna aliyeniamini. Jirani mmoja alinishika bega akasema, "Mwanangu, hiyo ni helikopta."

Mei 2019 ulimwengu mzima ulipata kicheko cha namna yetu. Game of Thrones iliisha kwa misimu minane, na kwa wenye DStv Afrika Mashariki episodi ya mwisho ilifika saa 10 alfajiri ya Jumatatu, sawia na Marekani. Riwaya za George R.R. Martin zilizotoa hadithi hiyo zilikuwa zimekoma kwenye kitabu cha tano cha 2011, kwa hiyo watunzi wa televisheni walikuwa wameshapita mwisho wa barabara. Joka lilimkuta mama yake ameuawa, likamwacha muuaji, likakiyeyusha kiti cha enzi kwa moto. Kisha waungwana wakakaa kwenye viti na kumpa ufalme kijana Bran kwa hoja kwamba hadithi yake ni nzuri kuliko za wengine. Ndani ya picha hizo za kale watu wakaona chupa ya plastiki ya maji, wiki mbili baada ya kuonekana kikombe cha kahawa mezani. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walitia saini ombi la kutaka msimu ule utengenezwe upya.

Kwetu ilifika kwenye flashi, siku kadhaa baadaye, kwa fundi simu anayejaza muvi gulioni. Vijana waliiona kwenye kompyuta yake, wamebanana, vichwa vimegusana. Walinisimulia kwa hasira kweli. Mmoja wao aliuliza joka lilijuaje kwamba kosa ni la kiti. Nikamwambia Ulaya na Marekani watu wanauliza hivyohivyo. Hakushangaa hata kidogo. Aliendelea kueleza jinsi ambavyo yeye angelimaliza, na wenzake wakamkatiza.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Siku hizi umeme upo, king'amuzi kipo juu ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma, na jioni wajukuu wa jirani huja, wanasema shikamoo, wanakaa mkekani. Ilikuwa episodi ya mwisho ya tamthilia waliyoifuata miezi kadhaa. Kijana amelala hospitalini, mashine inalia, daktari anavua miwani. Kioo kikawa cheusi, maneno yakatokea: kifurushi kimekwisha. Nilianza kutafuta simu nilipie, mtandao ukawa unazunguka tu.

"Hatakufa," alisema mkubwa wa wale watoto. "Atatokea pacha wake."

Mama aligeuka kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachambua.

"Pacha gani? Tangu mwanzo umemsikia wapi?"